Wafadhili tisa, kisima kimoja

Tuichukue asasi moja ya kufikirika, ambayo aliyewahi kukaa kwenye bodi ya asasi ataitambua sura yake. Kazi yake ni kulea vikundi vya kujitolea. Kiko kikundi kinachotembelea wazee wanaoishi peke yao, kiko kinachofundisha watoto kusoma jioni, kiko cha wazazi wenye watoto wenye ulemavu, kiko kinachosafisha kingo za mto kila mwisho wa mwezi. Asasi yenyewe haitembelei mzee wala haizoi taka za mto. Inavisaidia vikundi hivyo kuandika katiba, kusajiliwa, kufungua akaunti ya benki, kutunza vitabu vya hesabu, kuandaa andiko la kuombea ruzuku, na kusikilizwa na wenye mamlaka. Ripoti yake ya mwaka ina ukurasa wenye nembo tisa za wafadhili. Mwenyekiti akiufikia ukurasa huo hutulia kidogo, kisha huwaambia wajumbe kwamba vyanzo vya mapato vimepanuka.

Sasa zifuate fedha hadi zinakotoka. Nembo nne ni za mashirika ya kimataifa, na yote manne yalipata fedha hizo kutoka serikali moja ya nje. Mbili ni za idara za serikali za mitaa, ambazo zilitumia fungu la mradi uliofadhiliwa na serikali hiyo hiyo. Zinabaki tatu: kampuni inayotoa kidogo kila mwaka, mfuko wa familia moja, na shirika moja la dini. Ukijumlisha, katika kila 100 zinazoingia, 78 zinatoka kisima kimoja. Ndoo ni tisa, lakini sita zinateka mahali pamoja.

Kisima cha namna hiyo kimewahi kufungwa kweli, tena juzi tu. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Tarehe 10 Machi waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo lililoanzishwa mwaka 1961 likaacha rasmi kutekeleza misaada. Uingereza, ambayo mwaka 2021 ilikwisha kupunguza msaada wake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, ilitangaza Februari 2025 kwamba itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Mwenye nembo tisa za aina niliyoieleza hapo juu hakuwa na kinga kumzidi mwenye nembo moja. Pengine hali yake ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa alikuwa na ripoti tisa za kufunga hesabu badala ya moja.

Tangu hapo kila semina ya asasi ina mada ya kupanua vyanzo vya mapato. Nakubaliana na mada. Ninachobishana nacho ni jinsi inavyofundishwa, maana mara nyingi mafunzo yanaishia kwenye orodha: anzisheni mradi wa biashara, ombeni kampuni, tozeni ada, pangisheni ukumbi, changisheni mtandaoni. Asasi inarudi nyumbani na vyanzo vipya vitano vya kukimbizana navyo, na wafanyakazi ni wale wale wanne. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu anapewa tano. Kwa asasi inayolea vikundi vya wengine, maswali ya kuuliza kabla ya kuongeza chanzo chochote ni mawili tu. Chanzo hiki kitaanguka siku moja na vile nilivyo navyo, au kitasimama? Na baada ya kutoa gharama za kukipata, kinaniachia fedha huru kiasi gani? Nikisema fedha huru nina maana ya zile ambazo bodi inaweza kuamua zilipe umeme, mshahara wa mhasibu au nauli ya kwenda kumsaidia mweka hazina aliyekwama, bila kumwomba mtu ruhusa.

Asasi hizi ninazitenga na nyingine kwa makusudi. Anayechangisha kwa ajili ya hospitali ya watoto ana kitu cha kumwonyesha mchangiaji. Anayelea vikundi ana nini? Picha ya mweka hazina wa kujitolea akilinganisha daftari lake na taarifa ya benki haimtoi mtu machozi. Faida ya kazi yake huonekana kwa kikundi, siyo kwake, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mlezi mzuri ni yule ambaye kikundi kinasimama na kusema tumefanya wenyewe. Ndiyo maana mchango wa mtu mmoja mmoja, ambao kwa asasi nyingine ni nguzo, kwa asasi mwamvuli, yaani hizi zinazolea vikundi vya wengine, huwa haba sana, na mshauri anayeziambia zianze kampeni ya kuchangisha umma anazipotezea mwaka mzima.

Matokeo yake ni kwamba mlezi huyu karibu kila mahali huishi kwa mkono wa serikali au wa mfadhili mkubwa. England ina historia ndefu ya asasi hizi: baraza lao la kitaifa, ambalo leo linaitwa NCVO, lilianza mwaka 1919, na miji na wilaya nyingi zina mabaraza yao ya kusaidia kazi za kujitolea. Mwaka 2004 serikali ya huko ilianzisha mpango ulioitwa ChangeUp, wenye dira ya miaka 10, kwa ajili ya kuziimarisha asasi zinazosaidia vikundi. Mwaka 2006 kikaundwa chombo maalumu cha kuusimamia, Capacitybuilders. Asasi ziliajiri, zikaungana katika mitandao, zikaandaa mipango ya muda mrefu iliyoendana na dira ile. Kisha ukaja msukosuko wa uchumi, ikaja serikali mpya mwaka 2010, na kufikia mwisho wa Machi 2011 Capacitybuilders ikawa imefungwa, miaka mitatu kabla dira haijatimia. Fungu lililofuata, la pauni milioni 30, lilikuwa la muda mfupi na lilizisukuma asasi ziungane au zishirikiane ili zipungue gharama. Nauleta mfano huu kwa sababu fedha zile zilikuwa za kazi yenyewe ya kulea vikundi, jambo ambalo ni nadra, na bado hazikuweza kukaa. Kulea vikundi ni kazi isiyo na mwisho, na mpango wa serikali una mwisho.

Sasa turudi kwenye gharama za kila chanzo, maana hapa ndipo mazungumzo mengi huharibika. Chukua ruzuku ndogo ya miezi sita. Kuandika andiko ni siku nne. Kuhamisha bajeti kwenye jedwali la mfadhili, ambalo halifanani na jedwali la mfadhili mwingine yeyote, ni siku moja. Kikao cha utambulisho, siku moja. Ripoti ya katikati, mbili. Ripoti ya mwisho pamoja na kutafuta risiti zilizopotea, tatu. Siku ya mkaguzi, moja. Jumla ni siku 12. Lakini asasi haipati kila inachoomba. Ikiwa imeandika maandiko matatu ili ipate ruzuku moja, ongeza siku tano kwa kila lililokataliwa, na jumla inafika siku 22. Huo ni mwezi mzima wa kazi wa mtu mwenye uzoefu, mara nyingi mkurugenzi mwenyewe. Sasa tuseme mshahara wake wa mwezi ni sawa na 12 katika kila 100 za ruzuku ile, na mfadhili anaruhusu 7 kwa gharama za uendeshaji. Asasi imepokea ruzuku na hapo hapo imetoa 5 mfukoni mwake. Ruzuku kumi za namna hiyo zinaifilisi huku ukurasa wa nembo ukizidi kupendeza.

Hiyo 7 sikuibuni. Ndiyo kiwango cha juu ambacho Umoja wa Ulaya hukubali kwa kawaida katika ruzuku zake za misaada ya nje kwa gharama zisizoingia moja kwa moja kwenye mradi. Serikali ya Marekani kwa miaka kadhaa ilimruhusu mpokeaji asiye na kiwango chake kilichokubaliwa kudai asilimia 10, ikaipandisha hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Ann Goggins Gregory na Don Howard, walieleza mzunguko ambao kila mhasibu wa asasi anaujua kwa mwili wake: mfadhili anaamini gharama za uendeshaji ni ndogo mno kuliko uhalisia, asasi inaogopa kumwambia ukweli, inaripoti kidogo, mfadhili anazidi kuamini, mwaka unaofuata anatoa kidogo zaidi. Wakauita mzunguko wa njaa. Kwa asasi inayolea vikundi njaa hiyo ni kali zaidi, maana kwake kazi na uendeshaji ni kitu kimoja. Mtumishi anayepokea simu ya mweka hazina aliyekwama, mfadhili anamwita gharama ya ofisi. Kikundi kinamwita msaada wenyewe.

Utafiti nao hauungi mkono imani kwamba wingi wa vyanzo ni usalama wa moja kwa moja. William Foster na Gail Fine walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa asasi zilizoanzishwa Marekani tangu mwaka 1970. Katika zaidi ya asasi 200,000 zilizofunguliwa hadi 2003, ni 144 tu zilizofikia mapato ya dola milioni 50 kwa mwaka, na nyingi kati ya hizo zilikua kwa kushika aina moja ya chanzo na kukifahamu vizuri, kisha zikatafuta watoaji wengi ndani ya aina hiyo hiyo. Mwaka 2019 ChiaKo Hung na Mark Hager walikusanya tafiti 40 kuhusu upanuzi wa mapato na afya ya fedha ya asasi, wakakuta uhusiano upo na ni mzuri, lakini ni mdogo. Hayo hayapingani. Kutawanya vyanzo kunasaidia kidogo, na hakusaidii kila mtu. Kinachoamua ni vyanzo gani, na nani anavihudumia.

Basi vipi? Nianze na kile ambacho wengi hukimbilia kwanza na mimi ningekiweka mwisho, yaani kuvitoza vikundi. Hesabu inavutia: vikundi 200, kila kimoja kilipe mafunzo, na mapato yapo. Lakini kikundi cha watu 12 wanaojichangisha nauli kwenda kumtembelea mzee hakina fungu la mafunzo. Ukikitoza ada kamili hakitakuja. Kitakachokuja ni kile kikubwa chenye ofisi, ambacho hakikuhitaji kulelewa sana. Polepole asasi inaanza kuwahudumia wanaoweza kulipa, na hakuna mtu aliyekaa kikaoni akaamua hivyo. Nimeona mabadiliko ya namna hii yakiitwa ukuaji, na huwa yananiuma.

Hata hivyo sisemi huduma ziwe bure kwa kila mtu. Ada ya uanachama, hata iwe ndogo mno, ina kazi ambayo fedha haiwezi kuipima. Kikundi kilicholipa kina haki ya kuuliza hesabu kwenye mkutano mkuu. Ada ndiyo inayomfanya mlezi awajibike chini, kwa vikundi, na siyo juu tu kwa mfadhili. Ipangwe kwa kufuata mapato ya kikundi, kisicho na mapato kilipe kile cha kuonyesha nia tu, na bodi isiiweke kwenye makadirio kama nguzo ya bajeti. Kuhusu mafunzo na utunzaji wa hesabu, watozwe wenye uwezo: asasi kubwa, idara za serikali, kampuni zinazotaka wafanyakazi wao wajitolee na hazijui pa kuanzia. Hawa watozwe bei kamili, yenye mshahara, pango, bima na faida ndani yake. Nimesema faida, na nasisitiza. Bei isiyo na ziada haiwezi kumgharimia yule asiyeweza kulipa.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu biashara, kwa sababu mfano wa BRAC, asasi kubwa ya maendeleo, hutajwa kila mahali. Ni kweli, BRAC iliyoanzishwa na Fazle Hasan Abed huko Bangladesh mwaka 1972 ilijenga Aarong mwaka 1978, na duka hilo la kazi za mikono limekuwa biashara kubwa inayoingiza fedha kwa asasi. Wanaoutaja mfano huo husahau mahali ulipoanzia. Aarong ilitafutia soko bidhaa za mafundi wa vijijini ambao BRAC ilikuwa tayari inafanya nao kazi. Duka lilizaliwa ndani ya kazi. Asasi inayolea vikundi ikianzisha ufugaji wa kuku au duka la vifaa vya ofisi ili ipate mapato, imeanza kazi ya pili isiyoijua, kwa mtaji isiokuwa nao, na ikishindana na wafanyabiashara ambao wanaamka alfajiri kwa ajili hiyo tu. Biashara inayoifaa ni ile inayotokana na ujuzi wake: kutunza hesabu, kuandaa mishahara, kuendesha uchaguzi wa viongozi wa vikundi, kufundisha usimamizi. Hata hiyo, ikikua, iwekwe kwenye kampuni yake chini ya asasi, ili hasara ya biashara isiule mfuko wa vikundi. Sheria za baadhi ya nchi zinadai hivyo, na hata pasipodaiwa, busara inadai.

Chanzo ninachokiamini zaidi kwa asasi hizi ni kupitishia fedha, yaani kugawa fedha za mfadhili kwa vikundi kwa niaba yake na kulipwa kwa kazi hiyo. Mfadhili mkubwa, awe serikali, mfuko wa familia au kampuni, hawezi kusimamia ruzuku ndogo 200. Hana watu, hajui kikundi kipi ni cha kweli na kipi ni cha karatasi, na hana wa kwenda kukaa na katibu asiyejua kujaza fomu. Asasi mwamvuli inajua yote hayo. Ujuzi huo ni mali, na kwa miaka mingi umetolewa bure. Katika mkutano wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul mwaka 2016, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba angalau robo ya fedha hizo iende kwa watendaji wa ndani ya nchi kwa njia fupi iwezekanavyo ifikapo 2020. Lengo hilo halikufikiwa. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni kwamba hakuna aliyetaka kulipia kazi ya kuzifikisha fedha hizo mahali zinapotakiwa. Asasi ikikubali kugawa ruzuku ndogo kwa niaba ya mfadhili, ipige hesabu yote: kutangaza, kuketi na waombaji, kamati ya kuchagua, kutembelea, kufundisha utunzaji wa risiti, kukusanya ripoti, ukaguzi. Ikikuta gharama ni 18 katika kila 100, iseme 18. Mfadhili akisema sera yake ni 7, iulize hiyo 11 inayobaki italipwa na nani, na isiondoke kikaoni kabla ya kujibiwa.

Lakini chanzo hiki kina sumu yake, na ni lazima isemwe wazi. Anayegawa fedha hugeuka mlinda lango. Jana mweka hazina wa kikundi alikupigia simu akakwambia hesabu zake zimevurugika, akaomba umsaidie kuzinyoosha. Leo anajua wewe ndiye utakayeamua kama kikundi chake kitapata ruzuku, kwa hiyo hapigi. Anaficha. Ulezi wote unasimama juu ya ile simu, na imekatika. Dawa ipo, ingawa haifanyi kazi kikamilifu: kamati ya kuchagua iwe na watu wasio wafanyakazi wa asasi, anayefundisha asiwe anayechagua, vigezo viandikwe na kubandikwa kabla ya maombi kupokelewa, na aliyenyimwa aelezwe kwa maandishi sababu yake. Kwa asasi yenye wafanyakazi wanne kutenga majukumu namna hiyo ni shida kweli. Ndiyo maana gharama yake iwemo kwenye ile 18.

Liko kosa jingine lililo baya kuliko hilo, na kwangu ndilo kosa kubwa kuliko yote katika suala hili. Ni asasi mwamvuli kushindania ruzuku na vikundi vyake yenyewe. Tangazo la ruzuku linatoka. Asasi ndiyo inayolisambaza kwa vikundi, ndiyo inayofundisha jinsi ya kuliandikia, na kumbe chumba cha pili mkurugenzi naye anaandika andiko la fungu lile lile, kwa Kiingereza kizuri zaidi, akiwa na hesabu zilizokaguliwa ambazo kikundi hakina. Matokeo yanajulikana kabla barua haijafika. Kikundi cha wazazi wenye watoto wenye ulemavu, kilichokesha siku tatu kwenye andiko lake, kinasikia kwamba fedha zimekwenda kwa mlezi wake, ambaye sasa anakuja kukialika kwenye warsha ya mradi huo. Sijui njia ya haraka zaidi ya kuua mtandao. Bodi iandike kanuni moja isiyo na mwanya: fungu lolote ambalo kikundi mwanachama kinastahili kuomba, asasi haiombi kwa ajili yake. Inaweza kuomba pamoja nacho, kikundi kikiwa mbele na sehemu ya fedha ikiandikwa jina lake. Inaweza kuomba fungu la kugawia. Kushindana, hapana. Kanuni hiyo itapunguza mapato, na bado ningeipigia kura.

Kuhusu majengo nitasema kwa ufupi. Chumba cha mikutano kinachokodishwa huleta fedha huru, na fedha huru ni adimu. Huko England Sheria ya Localism ya mwaka 2011 iliwapa wanajamii nafasi ya kutangulia kujaribu kununua jengo lenye thamani kwao linapouzwa, na baadhi ya asasi zimepata majumba kwa njia mbalimbali kutoka mamlaka za mitaa. Kupewa jengo kuukuu ni kupewa paa, mabomba na kodi zake pia. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa Uviko-19, asasi zilizojivunia vyanzo viwili, kupangisha vyumba na kuendesha mafunzo ya ana kwa ana, zilivikosa vyote wiki moja. Kwenye karatasi vilikuwa viwili. Kwa hatari vilikuwa kimoja, kwa kuwa vyote viliishi kwa watu kukusanyika.

Na mfuko wa wakfu, yaani mtaji usioguswa ambao faida yake tu ndiyo inayotumika? Wazo ni zuri na ni la zamani. Cleveland Foundation ya Marekani, taasisi ya kwanza ya aina yake kwa ajili ya mji mmoja, iliasisiwa na Frederick Goff mwaka 1914 kwa kukusanya wakfu za watu wengi chini ya kamati moja, na ipo hadi leo. Ila hesabu yake haina huruma. Mfuko unaotumia 4 katika kila 100 kwa mwaka bila kula mtaji unahitaji mtaji mara 25 ya mshahara mmoja ili kumlipa mtu mmoja. Kwa asasi changa kuanza na wakfu ni kupanda mvule ukiwa na njaa. Ianze na akiba ya kawaida, ya kulipa mishahara na pango kwa miezi mitatu au minne, ambayo haina mvuto wowote na ndiyo inayookoa. Hata mkataba na serikali, ambao wengi huutamani, hulipwa baada ya kazi na mara nyingi kwa kuchelewa. Asiye na akiba hawezi hata kuutekeleza.

Akiba hiyo inatoka wapi? Haitoki kwenye ruzuku ya mradi, maana hiyo hurudishwa ikibaki. Inatoka kwenye fedha huru peke yake. Wapo wafadhili waliokwisha kuelewa. Ford Foundation, mfuko mkubwa wa hisani wa Marekani, mwaka 2016 ilianzisha mpango wa miaka mitano wa dola bilioni moja, uitwao BUILD, wa kuzipa asasi ruzuku ndefu zenye uhuru wa matumizi na fungu la kuimarisha taasisi yenyewe. Tajiri wa Marekani MacKenzie Scott tangu mwaka 2020 ametoa mabilioni ya dola kwa asasi bila kuzipangia matumizi. Wengi hawatafikiwa na mikono hiyo. Lakini mifano hii ni hoja mezani. Mwenye mfadhili wa miaka minane anayemwamini amwombe waziwazi: badala ya mradi mwingine, tupe nusu yake, iwe huru, kwa miaka mitatu. Wanaothubutu kuomba hivyo ni wachache, kwa hofu kwamba mfadhili atakasirika. Namjua mhasibu mmoja aliyekaa na hofu hiyo miaka mitano, kisha akauliza, na jibu alilopewa ni kwamba walikuwa wakisubiri mtu aulize.

Nairudia ile asasi yetu ya nembo tisa. Kama ningekuwa mweka hazina wake, ningeutoa ukurasa wa nembo kwenye kabrasha la bodi na kuweka jedwali lenye safu nne: jina la chanzo, kisima fedha zinapoanzia, siku za kazi kinazokula kwa mwaka, na fedha huru kinazoacha baada ya gharama zote. Jedwali la mwaka huu lingesoma hivi: 78 katika kila 100 kutoka kisima kimoja, fedha huru 9, akiba ya wiki tano. Ningependekeza kwamba baada ya miaka mitatu kisima kile kisizidi 50, fedha huru zifike 25, na akiba itoshe miezi minne. Ruzuku tatu ndogo ambazo safu ya mwisho ina alama ya kutoa zisiombwe tena, na siku 66 zinazookolewa ziende kwenye mazungumzo na wafadhili wawili kuhusu kupitishia fedha kwa gharama kamili. Mapato kwa jumla yatashuka mwaka wa kwanza. Huenda nafasi moja ya kazi isijazwe, na mwenyekiti atalazimika kuyaeleza hayo kwa wanachama kwenye mkutano mkuu, akiwa na jedwali mkononi. Bodi iukubali mpango huu kabla, kwa kura, na iandikwe kwenye muhtasari nani aliunga mkono.